Nywele Zilizokuwa Chini ya Kitambaa

Chumba cha nyuma,
Dukani kwa kinyozi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada Vidole,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo, dada? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanaendeleaje na masomo, na yule mdogo ameacha kunyonya kidole au bado analifuata jina lako? Na ule mgongo wako, umepata nafuu? Sisi huku tunapumua. Wifi yako ni mzima, watoto ni wazima, duka nafungua kila siku. Ningependa kuishia hapo, lakini nitakuwa nimekudanganya.

Baba anapoteza macho. Barua iliyopita nilikuambia presha ya macho inamsumbua kidogo. Hiyo "kidogo" niliiongeza mimi ili usikose usingizi. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Daktari ametuambia kwa upole kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hawezi kutuahidi kitadumu wiki ngapi. Juzi Baba alimimina chai pembeni ya kikombe, akaisikiliza ikidondoka sakafuni. Niliumia sana.

Sasa sikia alichoniomba. Anataka kuuona uso wa Mama mara moja tena kabla macho hayajafunga, na anataka kumwona na nywele zake. Nilimletea picha zote za kwenye bahasha. Akanirudishia. "Kitambaa nimekitazama miaka sita tangu alipoondoka," akasema. "Nataka kichwa cha mke wangu." Na wewe unajua kuliko mimi: picha za ujana wao hazipo, na katika hizi tulizonazo hakuna hata moja ya Mama bila kitambaa.

Basi nikajipiga kifua, nikasema nitamchora. Miaka kumi na minane nashika vichwa vya watu, nikadhani nywele nazijua. Kumbe nazijua zikianguka tu! Zikikaa kichwani ni kitu kingine kabisa. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wangeniona mimi wangeongeza kwamba wala hachori.

Mwalimu wangu ni mteja wangu, mzee mmoja mchora mabango ya maduka. Uso alinisaidia kuupata kwa kupiga viboksi juu ya picha, nao ulitoka vizuri, hata wifi yako alipouona alitafuta pa kukaa. Nywele akakataa kuzigusa. Alisema yeye huchora anachokiona, na nywele za mama yangu hajaziona.

Mara ya kwanza nilichora unywele mmoja mmoja, siku nne nzima. Ukatoka ufagio wenye macho. Mara ya pili nikapaka nyeusi tupu, na mwanangu akaniuliza kama bibi alikuwa anaendesha pikipiki. Ndipo mzee wa mabango akaniambia nisichore nywele, nichore giza lililo katikati yake. Nifinye macho mpaka nione vivuli tu, nianze na hivyo kwa penseli laini. Pale mwanga unapoangukia nisipaguse, niiache karatasi ifanye kazi yake. Nywele zenyewe ni chache, tena mwishoni kabisa. Maneno mepesi hayo, dada. Mkono ndio mzito.

Nikaanza kuokota nywele za wateja sakafuni na kuzitia kwenye bahasha, nizitazame dirishani zinavyojikunja. Mteja mmoja akaiona ile bahasha. Kufika jioni mtaa mzima unasema kinyozi anapeleka nywele za watu kwa mganga, na viti vyangu vikakaa vitupu wiki nzima. Mwingine, nilizubaa kutazama mwanga unavyoteleza utosini kwake, mashine ikajitembelea yenyewe, akatoka na barabara katikati ya kichwa. Cheka, nimekuandikia ucheke. Mimi mwenyewe sicheki tena.

Maana nimechora mara kumi na nne. Kila nikimpelekea Baba, anaisogeza karatasi mbele ya jicho lake polepole, kipande kwa kipande, kisha ananiambia, "Nzuri, mwanangu. Lakini si yeye." Mara kumi na tatu! Siku moja nilifunga mlango wa duka mchana, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikalia mbele ya kioo changu mwenyewe. Maji yamenifika shingoni, na mfa maji haachi kutapatapa, ndiyo maana unaiona barua hii. Ningekupigia simu, lakini kila nikimtaja Mama laini hukatika upande wako.

Mimi nywele zake sikupata kuziona sawasawa. Jumamosi ulikuwa unafunga mlango, wewe na kitana chako, Mama kati ya magoti yako, mimi natumwa nje nikacheze. Nilidhani ni mambo ya wanawake, nikaenda zangu.

Alhamisi asubuhi nilimpelekea Baba ule wa kumi na nne. Nilikuwa nimeujaza vizuri kila upande, mistari ya kurudi nyuma, mvi zimetokea kwenye paji, hata mzee wa mabango alipiga makofi. Baba alikaa karibu na dirisha, akausogeza, akausogeza, akafika juu ya sikio la kushoto, akasimama. Akaomba kifutio. Nikampa nikidhani anataka kukishika tu. Akaanza kufuta. Alifuta mpaka nikaogopa karatasi itachanika, pakabaki peupe ukubwa wa kifuniko cha kopo la dawa ya viatu. "Hapa hapakuota kitu," akasema.

Ndipo akanisimulia. Wewe ulikuwa na miaka sita, mimi sijazaliwa. Mama ameketi chini anachambua mchele, wewe umejitolea kumletea birika la chai, ukajikwaa. Dada, miaka yote hii mimi sikujua. Sasa naelewa kwa nini hukumruhusu mtu mwingine kumsuka. Naelewa pia kwa nini tangu tumzike humtaji.

Sikukasirika, usiniwazie hivyo. Ila kuna jambo Baba amesema nikuandikie neno kwa neno, na mimi sina hakika kama uliwahi kuambiwa. Mama hakufunga kitambaa kwa sababu ya aibu. Majirani walikuwa wakimuuliza kila siku nani aliyemchoma, na wewe umesimama hapo ukiwasikia. Wiki ile ile akaenda akanunua kitambaa. Alimwambia Baba, "Wasipoona hawatauliza, na mtoto wangu atasahau." Nyumbani, mkishalala, alikuwa anakivua. Baba anasema yeye hajawahi kukiona kile kipara kama kovu, kwa kuwa ndipo alipokuwa akimwekea kiganja. Nywele zile nzuri nilizozichora zilikuwa za mke wa mtu mwingine.

Nimeanza mchoro wa kumi na tano. Safari hii nimeanza na pale peupe, kisha nikaja na vivuli vikizunguka. Lakini nimekwama tena. Baba anasema palipo wazi hapakuonekana ukishamaliza kumsuka, kwamba mistari ya juu ulikuwa unaileta kwa namna fulani ikapita pale na kupafunika, na asubuhi ya Jumapili Mama alikuwa anapapasa na kucheka. Ile namna anaijua mtu mmoja tu duniani. Ulianzia wapi? Mistari mingapi? Uliivuta kutoka utosini au kutoka nyuma ya sikio? Niandikie, au nichoree hata vibaya, huwezi kunishinda kwa ubaya. Na kama una nafasi ya kuja, njoo. Nitakupa penseli, nitakufinyia macho, sehemu hiyo uichore wewe. Nimeiacha wazi. Sitaigusa.

Lakini fanya haraka, dada yangu. Leo asubuhi Baba aliniita akaniuliza kama kumekucha, na jua lilikuwa limemjaa usoni.

Nisalimie shemeji, nisalimie wapwa zangu mmoja mmoja, na huyo mnyonya kidole mwambie mjomba anamngoja kwa mashine. Wifi yako anakusalimu sana. Shangazi anakusalimu, anasema magoti yake hayajambo ila ngazi ndizo zimezidi. Baba hakutuma salamu. Amesema nikuambie tu kwamba hakuna aliyewahi kukulaumu, hata yule aliyeungua.

Mungu akupe wepesi wa mikono, na amwachie Baba lile tundu dogo mpaka jibu lako lifike.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mashine.