Kikombe cha Pili

Huddersfield, Jumapili

Kwa kaka yangu Clive,

Sisi wazima. Paka kanenepa mpaka anakwama dirishani.

Jana nilimpeleka baba kutazama mchezo wako. Nimeshakuona ukiwa mfalme, mlevi, hata mtawa wa kike, lakini huyu mzee aliyefiwa na mkewe, uliyemwandika na kumwigiza mwenyewe, kaninyima usingizi. Ulipomimina vikombe viwili vya chai, ukanywa kimoja, cha pili ukakimwaga kwenye waridi, baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mzee chizi huyo! Kama mjomba wenu Cyril!" Ukumbi mzima ulimsikia. Hakutambua hata kidogo kuwa mzee huyo ni yeye.

Lakini baba alianza hayo baada ya kumzika mama, na wewe hata mazikoni hukufika, ulisema jukwaa limekubana. Tangu hapo hujatia mguu nyumbani, wala mimi sijamsimulia mtu. Basi uliyaona wapi, Clive? Waridi analolimwagia baba liko uani. Halionekani ila na mtu aliyesimama uchochoroni, nyuma ya uzio.

Ukija tena, usiishie hapo. Bisha hodi, kikombe cha pili ukinywe wewe.

Dada yako,
Winifred