Bunduki Haipandi Boti Yangu

Mama yangu,

Shikamoo. Huku Ugiriki mimi ni mzima. Mguu wako unaendeleaje? Mvua imeshafika Gendabi, au bado mnawapeleka ng'ombe mbali kutafuta maji?

Najua Paulo ndiye anayekusomea. Mdogo wangu, soma yote, usimfiche Mama kitu.

Nimeondolewa kwenye boti. Nilikuwa naiendesha kupeleka chakula cha samaki wanaofugwa baharini, ndani ya vizimba vya nyavu. Chakula kingine hutoka nje ya wavu, samaki wasiofugwa wanakusanyika kukila, na pomboo wanawafuata hao. Pomboo, Mama, ni mnyama mkubwa wa baharini. Hupanda juu kuvuta pumzi, na hunyonyesha mtoto wake. Watu wa hapa wanasema zamani pomboo walikuwa wakipita tu na kwenda zao. Siku hizi wanashinda vizimbani, na wakisikia injini ya boti wanakuja wenyewe.

Mwezi uliopita mmoja alitoboa wavu, samaki wengi wakatoroka. Msimamizi akapanda botini na bunduki, akaniamuru nimpeleke vizimbani. Pomboo wakatujia kama kawaida, mama na mtoto wake mbele. Nikaona kumbe ni injini yangu inayowaita waje kuuawa. Nikaizima, nikachomoa ufunguo.

"Washa," akasema.

"Siwashi. Chakula tunamwaga sisi wenyewe, halafu wakija tunawaua?"

Alinitukana mpaka boti nyingine ikaja kutuvuta. Kesho yake nikapelekwa kupasua samaki, boti akapewa mvuvi wa hapa. Huyo naye akakataa kubeba bunduki. Aliyemfuata vilevile. Mwishowe msimamizi akanunua nyavu nene, tukazizungushia vizimba. Pomboo bado wanakuja, ila hawatoboi tena.

Mimi boti sijarudishiwa. Msimamizi anataka kwanza niombe radhi mbele ya wenzangu. Mikono inanuka samaki hata nikioga, lakini siombi. Wenye shamba la ngano walipowaita ng'ombe wetu wezi, huku trekta lao limelima njia ya ng'ombe ya kwenda majini, wewe ulisimama pale pale shambani na fimbo yako, ukawaambia, "Hatuhami." Nilikuona.

Nisalimie Baba, na shangazi wa Nangwa, na yule jirani mkulima anayekupa mabua ya kulishia ndama. Wakisikia kwamba nimefukuzwa, waambie nipo, napasua samaki, na radhi sijaomba.

Mwanao,
Gwandu