Chupa Aliyoijaza Mwenyekiti

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie. Mume wangu ni mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa wetu, tuna kisima kimoja na tangi moja linalolisha nyumba zote, na watu wanamwita Bwana Koki kwa jinsi anavyoyaringia maji yake. Maabara walimpa chupa ajaze maji ya bomba yakapimwe, majibu yakarudi kwamba ni safi kabisa, akayabandika kwenye tangi, tukapiga vigelegele, na wifi yangu mwenye mtoto mchanga akasema afadhali, sasa namkorogea mwanangu maziwa kwa maji ya bomba, habari ya kuchemsha basi. Sasa juzi maabara wameleta chupa nyingine, naingia jikoni namkuta mume wangu anaijaza kutoka kwenye sufuria yetu ya maji ya kunywa, yaliyochemshwa na kuchujwa! Nikamuuliza, "Baba, mbona unachota huko?" Akanijibu hana hata wasiwasi, "Mama, wewe unaweza kwenda kwa daktari hujaoga? Hata ile ya kwanza nilichota hapahapa." Hana nia mbaya, naapa, yeye aliona anautafutia mtaa heshima, lakini mtoto wa wifi anaharisha na wote wanasema ni meno, nami nikisema nitakuwa nimemvua nguo mume wangu hadharani, nikinyamaza usingizi siupati. Nifanyeje?

Mke wa Mwenyekiti

Mama, barua yako nimeimaliza nikiwa nimesimama. Katika safu hii nimesoma ya wakwe na ya michepuko, lakini maji kuogeshwa kwanza ndipo yapelekwe kupimwa? Hili sijawahi kulisikia! Nimepiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha, hupokei, basi nakujibu hapa mbele za watu.

Pole, naona unampenda mumeo. Ila mtoto anaharisha, nawe umekaa kuniandikia mimi, wakati kwa wifi yako ni kuvaa kandambili na kuvuka ua? Nenda sasa hivi, gazeti hata usilikunje. Mwambie aache maji hayo na mtoto afike hospitali leo. Kisha Bwana Koki aibandue ile karatasi kwa mkono wake mwenyewe, awaambie majirani wachemshe, na awaite maabara waje wachote wenyewe bombani. Akisita, mkumbushe kwamba huyo ni mpwa wake.

Na wewe nina neno nawe. Umesema sufuria hiyo ni yenu ya maji ya kunywa. Kumbe mlipokuwa mnapiga vigelegele pale kwenye tangi, kwako jikoni bado mlikuwa mnachemsha. Wifi yako akikuuliza kwa nini hukumwambia, usimtaje mume wako.