Vijana Walinisahau Nikining'inia Kwenye Paa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama unacheka, cheka kabisa umalize, maana mimi sina tena pa kuweka uso wangu. Mimi ni fundi wa kuezeka, na si fundi wa kubahatisha, nimeezeka shule, maghala, hata hoteli ya ghorofa nne ambayo upepo uliezua majirani zake wote ikabaki yenyewe na mabati yangu, nimeishi nchi tatu na nyingine nimezipita tu, darasani niliishia la sita lakini dunia yenyewe imenimalizia. Mke wangu anasema nyumbani kwetu kuna utulivu pale tu ninapokuwa na misumari mdomoni.

Basi kanisani kwetu vijana walikosa mlezi, nikajitokeza, kila Jumamosi saa tisa alasiri tukae ukumbini tusome habari moja ya Injili tuijadili. Nimejadili nao miezi minane mshauri, yaani nimejadili mimi, wao wanatazama simu. Jumamosi iliyopita ikawa zamu ya yule mgonjwa wa kupooza aliyebebwa na watu wanne, wakakuta nyumba imejaa hata mlangoni hapapitiki, wakapanda juu, wakatoboa paa, wakamshusha mbele ya Yesu. Nikasema hapa ndipo kwangu, wahubiri wote wanakimbilia ile sehemu ya kusimama na kutembea, hakuna hata mmoja anayeuliza kuhusu paa. Nikaweka ngazi, nikafungua mabati mawili ya ukumbi, nikapitisha kamba nne kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, nikapandisha ubao na godoro, nikatangaza kwamba mgonjwa ni mimi mwenyewe. Na kwa kuwa ninajijua, kwamba nikiwa juu ya ule ubao nitaanza kuwafundisha vijana kushika kamba, nikaagiza nizungushiwe shuka za mke wangu kuanzia miguuni mpaka mdomoni, hukohuko juu ya paa.

Kuna kijana tunamwita Profesa kwa ubishi wake, akasema, "Fundi, aliyefungwa hivi ni Lazaro. Huyu wa leo hakufungwa."

Nikamwambia, "Kati yangu na wewe, nani ametembea?"

Akasema, "Leo hutembei, Fundi, leo umepooza." Wakanifunga.

Wakaanza kunishusha vizuri kabisa, wanne juu, wengine chini wakipokea, nikafika usawa wa saa ya ukutani, ndipo mmoja wa wale wa juu akauliza, "Lakini jamani, imeandikwa Yesu aliiona imani yao. Yao nani? Ya mgonjwa imo au haimo?" Wa chini wakajibu mgonjwa hakuulizwa kitu, huenda alibebwa kwa nguvu. Binti mmoja akasema angebebwa kwa nguvu angepiga kelele. Profesa akasema, "Apige kelele vipi? Mtazame Fundi." Basi mshauri, wale wanne wakafunga kamba kwenye kenchi, wakakaa pembeni mwa tundu na miguu yao ikibembea, ili wajadili kwa nafasi. Dakika arobaini. Nina uhakika kwa sababu ile saa ilikuwa karibu kugusa pua yangu. Wakajadili mwenye nyumba alisemaje vumbi lilipoanza kumdondokea kichwani, wakajadili kwa nini wale waliojazana mlangoni hawakumpisha mgonjwa, Profesa akabishiwa mpaka akanywea, na hakuna aliyegusa simu isipokuwa mmoja aliyenipiga picha.

Halafu kuna jambo dogo. Yupo binti tunamwita Kimya, miezi minane sijawahi kuisikia sauti yake, nilidhani anaumwa koo. Akasema, "Kaka yangu alianguka kutoka kwenye paa akiwa kazini. Huu mwaka wa tatu yuko kitandani. Hao wanne, watu huwa wanawapata wapi?" Hata Profesa alisema, "Sijui." Mimi nikatazama saa.

Hapo ndipo akaingia mama mwenyekiti wa baraza la kanisa na futi yake ya kupimia mapazia, akaona mtu kafungwa shuka anaelea hewani, hakuzimia wala hakupiga kelele, alikaa tu sakafuni kama mtu aliyekumbuka jambo. Sasa Alhamisi baraza linakutana kuninyang'anya vijana, wapewe mwalimu mstaafu ambaye husoma maswali kwenye karatasi, na majibu yako nyuma ya karatasi hiyohiyo. Niambie nijiteteeje, na mke wangu nimweleze nini kuhusu shuka zenye kutu, na yule binti nimekwisha kumwandikia jibu la kurasa sita, je, nimsomee mbele ya wenzake au nimpe mkononi?

Ni mimi, Aliyening'inia.

*

Ndugu Uliyening'inia,

Nimecheka, nimemaliza. Sasa wewe nisikilize.

Mtu mzima, fundi wa nchi tatu, unafungwa kama mzigo na kukabidhi uhai wako kwa mafundo ya watu ambao hata viatu vyao hawavifungi. Ungeanguka, vijana hao wangelibeba jambo hilo maisha yao yote. Usirudie, hata kama habari ya Jumamosi ijayo ni ya kutembea juu ya maji.

Unadhani siku ile walizungumza kwa sababu ya paa. Si paa, baba. Ni shuka. Mjadala ulianza mdomo wako ulipofunikwa. Na usinune, maana vijana hawaji miezi minane kufuata simu, simu wanazo hata nyumbani. Wanakuja kwa sababu wanakupenda na kelele zako. Basi uliza swali moja ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake, halafu weka misumari mdomoni, au pipi kama unaogopa kumeza. Wakinyamaza, nyamaza nao. Hesabu mabati. Mtu atasema.

Yale mabati mawili uliyofungua yarudishe leo, usingoje Alhamisi. Mama mwenyekiti mwombe radhi nyumbani kwake, na usimwigize alivyokaa sakafuni. Barazani usijitetee hata kidogo, mwombe Profesa aeleze walichojadili, wewe keti. Wakiamua kukuondoa, Jumamosi nenda ukakae nyuma kama msikilizaji, utajifunza kazi. Shuka zifue mwenyewe. Zikigoma kutakata, mke wako hahitaji maelezo, anahitaji shuka.

Sasa lile uliloliita jambo dogo. Umenipa idadi ya kamba, ya mabati, hata ya dakika, lakini hujaandika kama umewahi kwenda kumwona kaka yake. Nadhani hujaenda, na nadhani ninajua sababu. Alianguka kutoka kulekule unakopanda wewe kila asubuhi. Inatisha. Nenda hivyohivyo.

Kurasa sita washia jiko. Binti hakuuliza maana ya muujiza, aliuliza watu wanne wanapatikana wapi, na wakati anauliza walikuwa wamekaa juu ya kichwa chake, miguu inabembea. Mwombe amuulize kaka yake kama anataka wageni. Akikubali, nenda na hao wanne, bila hotuba. Usimwahidi kwamba atasimama, hiyo si ahadi yako kuitoa. Muulize habari za kazi, mafundi hamkosi la kubishania. Mwache ashinde. Kisha rudini wiki inayofuata, na ile ya baada yake.

Na siku atakayosema angependa kuja ukumbini kuwasikia mkijadili, mbebeni. Wengine watangulie kusogeza viti.

Mpitisheni mlangoni.