Kondoo ya Karatasi

Ijumaa jioni. Kitengela ni baridi, upepo, vumbi kwa macho. Niko na hasira.

Nimetoka kazi ya mjengo nikapata msichana wangu Naserian amekaa nje kwa mlango, bado na uniform, anatetemeka. Tangu mama yake afe, akitoka shule anakaa kwa Mama Akinyi, jirani yetu. Anakula huko mpaka nirudi. Leo amekataa kuingia.

Ati ni mchezo ya darasa.

Mwalimu amewagawa wakawa nchi. Kila nchi na rais wake, na makaratasi: hii askari, hii chakula, hii mifugo. Naserian alikuwa rais wa nchi ndogo. Rafiki yake Akinyi akawa rais wa nchi ndogo hapo kando. Nchi kubwa ya wavulana ikaanza kuwatisha wote wawili. Mwalimu akasema kila mtu atafute wa kuamini.

Naserian akafanya vile ameona nyumbani. Karatasi ya kondoo alikuwa nayo moja tu. Akampa Akinyi, akamwita Paker.

Kwetu Wamaasai ukimpa mtu kondoo, majina zinaisha. Yeye ni Paker, wewe ni Paker. Mimi niko na wangu huko Kajiado. Kondoo alikufa zamani, mpaka leo tunaitana hivyo. Huwezi kumgeuka. Hakuna kusaini.

Akinyi akachukua tu. Wale wavulana wakamwambia kwa sikio: huyo amekupea kondoo kwa vile anaogopa, atakuuza, mpige kwanza.

Akampiga na karatasi zake za askari. Nchi ya msichana wangu ikaisha.

Mwalimu akasema hakuna makosa, hawakuandikiana. Darasa yote ikacheka. "Rais wa kondoo! Meee!" Mpaka kwa geti ya shule.

Mwalimu gani huyo? Kuogopana unafundisha ya nini? Sisi watu wazima tunajua bila shule. Kura ikikaribia tu, hii ploti yote tunaanza kuangaliana, huyu kwao ni wapi, yule atatufanyia nini.

Nimeenda kwa Mama Akinyi nikabisha. Akinyi ametoka, macho imefura.

"Baba Naserian, walisema atanipiga. Niliogopa."

"Ulimuuliza?"

Akajificha nyuma ya mlango.

Mama yake akatokea na mwiko kwa mkono. "Si ujibu mzee! Ulimuuliza?"

"Hapana."

Nikamwambia Paker ni nini. Sikumwambia polepole. Akalia, na sikumhurumia.

Nikarudi kwa nyumba. Naserian ananiambia, "Baba, mimi simwiti hivyo tena. Arudishe kondoo yangu."

Hapo ndio nilichemka kabisa. Nikamfokea: hiyo jina hairudi! Ukiitoa, wewe ndio umevunja.

Akaniangalia. "Na yeye, baba, amevunja nini?"

Nikainama kuwasha jiko. Hasira ndio niko nayo.

Na kesho niko mjengo Kisaju, natoka mapema. Nimemwambia achague: aende kwa Mama Akinyi ashinde huko kwa joto, ama twende na yeye akae siku nzima juu ya kokoto, upepo ikimpiga, akiniangalia nikikoroga simiti.

Hata hakufikiria.

Amesema kokoto.

Sawa, kesho tutaenda. Na Jumatatu akitoka shule ataenda wapi?