Kidokezo Nilichomficha Rukia

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mvua imeinyeshea Goba tangu asubuhi, na mteremko wa kwetu umegeuka utelezi mtupu. Nimeingia nyumbani viatu mkononi, udongo mwekundu hadi magotini, na hilo ndilo lilikuwa jambo jepesi la leo.

Sina hali nzuri. Nimekamatwa nikidanganya, na aliyenikamata ana miaka sita.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa chekechea. Naishi na mume wangu, dereva wa malori, ambaye wiki hii yuko njiani, na binti yetu Rukia. Mpaka juzi juzi tuliishi pia na mama yangu mzazi, ambaye nyumba nzima tulimwita Bibi, mimi nikiwemo, kwa kumfuata Rukia. Bibi alifariki. Leo ni siku ya thelathini na nane, na keshokutwa, Jumamosi, tunamsomea arobaini Temeke, nyumbani kwa kaka yake.

Rukia alikuwa hajui.

Yeye alikuwa anajua Bibi kasafiri, yuko Tanga kwa mdogo wake, atarudi.

Kabla sijaeleza ya leo, lazima nieleze gemu letu, maana bila gemu hili pengine uongo wangu ungeishi miaka. Mwaka jana shuleni tuliletewa boksi la michezo ya mezani, na ndani yake kulikuwa na mmoja wa kumsaka mwizi. Niliupenda nikaja kuutengeneza upya nyumbani kwa karatasi za manila na kalamu za rangi. Si kama ludo, ambapo mmoja anashinda na wengine wananuna mpaka chakula cha usiku. Hapa wote ni timu moja. Mtu kaiba sufuria la pilau, na ni mmoja kati ya kumi na wawili waliochorwa kwenye kadi. Kila mchezaji ana vidokezo vyake mkononi, picha tu, ya miwani au mwavuli au kilemba. Dadu ikikuruhusu, unaweka kidokezo kimoja katikati ya mkeka, na wote wasiofanana nacho wanalazwa kifudifudi. Dadu ikikukataa, mwizi anasogea hatua moja kuelekea getini. Akitoka getini kabla hamjamtaja, mmeshindwa wote.

Wale kumi na wawili niliwachora kutoka mtaani kwetu. Mama wa genge yumo, fundi cherehani yumo, muuza maziwa yumo na baiskeli yake. Kete zetu ni vifungo vya nguo. Rukia ana chekundu, mimi cha bluu, baba yake cha suruali ya kazi, na Bibi alikuwa na kifungo kikubwa cheusi cha koti lake la zamani.

Bibi alikuwa mchezaji mbovu sijapata kuona. Alikuwa mtu wa pwani wa kizamani, na kumtaja mtu kwa wizi kwake lilikuwa jambo zito hata kama mtu mwenyewe ni manila. Kuna siku mwizi alibakiza hatua moja, nasi tumebaki na watuhumiwa wawili, fundi cherehani na muuza maziwa. Bibi akarusha dadu, ikamruhusu, akatazama kadi zake, akasema hana kitu. Mwizi akatoka getini. Tulipofunua kadi zake tukakuta picha ya baiskeli imelala pale, na anajua kabisa mwenye baiskeli ni nani.

"Sasa mie ningemtajaje yule?" akasema. "Kila asubuhi ananiamkia."

Rukia alisimama juu ya mkeka, mikono kiunoni. "Bibi, kidokezo hakifichwi! Sie si timu moja?"

Bibi akaomba radhi kwa mjukuu wake, kwa adabu kabisa, kisha akaenda jikoni akarudi na kopo la kashata za karanga. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Tukishinda tunapiga makofi, tukishindwa anagawa kashata. "Tumeshindwa wote, tule wote," alikuwa akisema. Mwishoni nadhani Rukia alianza kutamani tushindwe.

Hiyo sheria ya kutoficha kidokezo aliitunga yeye Rukia, siku hiyo, nasi watu wazima tukaikubali kwa vicheko.

Bibi aliugua siku nne tu. Msiba ukawekwa Temeke, na Rukia nikamwacha hapa Goba kwa jirani yetu, Mama Brayan, kwa sababu nilidhani nitarudi nimtafutie maneno. Siku ya tatu mjomba, huyo kaka yake Bibi, akaniita pembeni. "Mtoto mdogo yule, mwambieni bibi yake kasafiri. Atasahau mwenyewe." Ndivyo tunavyofanya kwetu. Hakuna aliyeona ubaya, na mimi nilishukuru, nisijifanye hapa kwamba nililazimishwa. Nilishukuru kwa sababu nilikuwa nimechoka na maneno sikuwa nayo.

Mwalimu mzima. Mimi ninayesimama kwenye vikao vya wazazi na kuwaambia watoto wasidanganywe.

Niliporudi nikamwambia Bibi kaenda Tanga. Akaniuliza swali moja tu: "Nani kamsindikiza?" Nikasema mjomba. Akaenda kucheza, nami nikaona nimevuka salama.

Sikujua kwamba swali lile lilikuwa kidokezo chake cha kwanza. Mtu aliyewahi kumpeleka Bibi stendi ya Mbezi Luis ataelewa. Safari yake ya Tanga ilikuwa shughuli ya ukoo. Tulikwenda wote, tumebeba kapu lake la ukili, nazi, na mikate ya kumimina aliyodai Tanga hawajui kuipika, jambo ambalo watu wa Tanga wakilisikia watanipigia simu. Hapandi basi mpaka amempa kila mmoja mkono, na Rukia lazima awe wa mwisho. Dereva anapiga honi, konda anafoka, Bibi bado kashika mkono wa mjukuu wake anampa maagizo ya kumwagilia mchicha.

Tangu hapo hatukugusa gemu. Nililifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaliweka chini ya kitanda. Nilikuwa nalia chooni, bomba limefunguliwa, nikidhani maji yanatosha kuficha sauti.

Leo nimerudi nikakuta mkeka umetandikwa sebuleni. Rukia kakaa, bado na sare ya shule, na gemu liko mbele yake. Vifungo vitatu vimepangwa, chekundu, cha bluu na kile cheusi. Lakini wale watu kumi na wawili hawakuwepo. Alikuwa amechora kadi zake mwenyewe nyuma ya karatasi za daftari, na nilipoinama kutazama nikaona basi, kitanda chenye msalaba mwekundu, nyumba ya mjomba yenye mlango wa kijani, na meza ya soko.

"Tunamtafuta Bibi," akaniambia. "Kaa, Mama."

Nikakaa.

Akarusha dadu, wala hakuangalia imesemaje. Akasema kapu la ukili liko juu ya kabati. Akalilaza basi. Akasema miwani ya Bibi imo kwenye mtoto wa meza, na Bibi bila miwani hawezi kuchagua hata nyanya, akalilaza soko. Akasema kutoka hospitali mimi nilirudi na mfuko wa khanga za Bibi, na mgonjwa hanyang'anywi khanga zake, akakilaza kitanda. Nyumba ya mjomba akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema simu ya Bibi ninayo mimi, mjomba huwa anaipigia, na mimi huwa naipokea. Angekuwa kwake asingepiga.

Akailaza na hiyo.

Nimefundisha watoto miaka tisa na sijawahi kuona kazi safi namna ile. Kama ingekuwa darasani ningempigia makofi. Nilikaa pale natazama kadi nne zilizolala kifudifudi, na moyo wangu ukawa unavunjika taratibu, kwa mpangilio, kadi moja baada ya nyingine.

Akaweka kidokezo cha mwisho. Watu wakija hapa wananiambia pole, na mtu akisafiri watu hawasemi pole.

Halafu akanitazama. "Kadi zimeisha. Kuna kidokezo unacho wewe."

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, kuhusu Zanzibar, nilikuwa hata nimeliona umbo lake. Aibu ya kuandika hili ni kubwa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikamwambia. Nikasema Bibi amefariki, alifia hospitali, tukamzika Temeke.

"Kufa kwa kweli?"

"Kwa kweli, mwanangu."

"Wewe ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Nilisubiri alie. Hakulia. Alivikusanya vifungo akavipanga upya, kisha akauliza kwa sauti ndogo sana yale maneno aliyomuuliza Bibi siku ya baiskeli.

"Sie si timu moja?"

Nilisema nilitaka asiumie. Akasema yeye alikuwa anaumia peke yake. Alidhani Bibi kamkasirikia, ndiyo maana kaondoka bila kumpa mkono. Siku thelathini na nane mtoto wangu amelala na hilo kwenye kitanda kilicho pembeni ya changu, na mimi nilikuwa chooni nafungua bomba.

Kisha likaja lile swali.

"Mlimsindikiza?"

Nikasema ndiyo. Nikasema watu walikuwa wengi, mtaa mzima ulijaa, wanaume walimbeba wakipokezana. Nikasema mimi mwenyewe sikufika kaburini, sisi wanawake tuliishia mlangoni, nikamtazama akienda mpaka kona.

"Mie hamkunichukua," akasema. "Na mie ndiye wa mwisho."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kilio cha mtu mzima, cha kuinamisha kichwa, na mimi nikamkumbatia nikalia naye bila bomba lolote. Mama Brayan alichungulia mlangoni, akatuona, akarudi kwake kimya kimya. Mungu ambariki kwa hilo.

Nimemkosea mtoto wangu. Siwezi kuandika kwa namna nyingine. Kila mtu mzima pale msibani alipata la kufanya. Wapo waliochimba, wapo waliopika, wapo waliosoma, na mimi nilimwosha mama yangu kwa mikono yangu. Mtu pekee ambaye Bibi hakuwahi kupanda basi bila mkono wake, huyo ndiye tuliyemficha kwa jirani na kumpa katuni aangalie.

Tulipotulia, alijifuta pua kwa mkono wa sare, nami leo sikumgombeza. Akanitazama kwa makini, kwa yale macho yake ya kuhesabu.

"Kuna kingine umeficha?"

Nilitaka kusema hapana. Kisha nikasimama, nikavuta stuli, nikashusha kutoka nyuma kabisa ya kabati la vyombo lile kopo. Bibi alikuwa amezitengeneza zile kashata wiki moja kabla ya kuugua. Nilipotoka msibani nilikuta zimebaki tatu, nikazificha, wala si kwa ajili ya mtu. Nilikuwa nafungua kifuniko mara moja moja, nanusa, nafunga. Sikumwambia hata mume wangu.

Rukia alichungulia ndani akahesabu. Moja akairudisha koponi, akasema ni ya Baba, akirudi Jumamosi alfajiri aikute. Hakuuliza kuhusu ya Bibi. Nilimwona akikitazama kile kifungo cheusi, akakigusa kwa kidole. Ameshajua, na ni mimi niliyemfundisha leo.

Akanipa yangu mkononi.

"Tumeshindwa wote," akasema, "tule wote."

Kashata zilikuwa ngumu, karanga zimeanza kuchacha. Tumezitafuna zote mbili.

Sasa yuko kibarazani anaangalia mvua, kifungo cheusi kiko mfukoni mwake. Nimempigia mjomba nikamwambia mtoto ameshajua. Alikohoa, akasema sawa, pengine mimi ndiye ninayemjua mwanangu. Mume wangu nimemwambia Jumamosi, kabla ya kisomo, atupeleke makaburini, mimi na Rukia, wote wawili. Akasema sawa. Nilimsikia akivuta kamasi huko njiani aliko.

Huko kaburini nitamwacha Rukia awe wa mwisho. Nitasimama nyuma yake, na hata kama anaagizwa tena kumwagilia mchicha, nitasubiri mpaka wamalize.