Kisu Nilichokigonga Mara Mbili

Baba,

Mvua imenyesha Kathiani, na ile miembe uliyoiunga nyuma ya jiko imechipua yote. Yote, Baba. Nilitaka walau mmoja ukauke nipate cha kulalamikia, lakini wapi!

Watu bado wanakuja. Wanataka miche yao ikatwe na kuungwa vijiti vya miembe mizuri kabla mvua haijaisha, wananiambia, "Mutheu, si ulifundishwa na mzee?" Nawaambia kesho. Kesho ikifika nawaambia kesho. Mama ananitazama tu, anafikiri ni majonzi. Ni majonzi, ndiyo, lakini kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na siwezi kulibeba tena.

Ni habari ya kile kisu.

Unakumbuka kile chako cha zamani cha kukunja, loki yake ilivyolika? Kile kibati cha ndani kinachozuia makali yasijikunje kilikuwa kimebaki jina. Ulikitumia kwa ujanja, unakata upande mmoja tu, hukisukumi kinyume. Na kabla ya kazi, kisu chochote kile, hata cha jirani, ulikikunjua ukakigonga mgongo kwenye gogo mara tatu. "Loki ni kama shahidi," ulikuwa ukisema. "Swali la kwanza atajikaza, la pili atajikaza, la tatu ndipo utamjua." Nilikuwa nakucheka. Woi, mimi nilikuwa nakucheka!

Siku ya soko nikaenda Masii kukutafutia kipya. Nikakigonga kwenye meza ya muuzaji. Moja, kikashika. Mbili, kikashika. Muuzaji akaangua kicheko, "Dada, unanunua kisu ama unapiga hodi?" Watu wakageuka kuniangalia. Nikaona haya, nikakikunja, nikaondoka nacho.

Nilipokupa, ulikikunjua kikalia klik, ukatabasamu mpaka pengo likaonekana. Kisha ukaniuliza, "Umekigonga?" Nikajibu, "Nimekigonga, Baba." Mama akakutania, "Leo hutafuti gogo?" Nawe ukamwambia, "Fundi amekigonga. Nikigonga tena nitakuwa namwita mwongo." Miaka yote niliyokushikia vijiti na kamba, hukuwahi kuniita fundi. Nilijivuna siku nzima. Na sikusema.

Wiki iliyofuata, huko Kalama, ulikuwa unapasua shina nene, makali yakanasa, ukayarudisha nyuma kwa nguvu, na loki ikaachia. Kisu kikajikunja juu ya vidole vyako. Ulirudi nyumbani umevifunga kwa ile nailoni tunayofungia miche, mikono bado ina samadi. Nikakusihi twende hospitali. "Mti hukatwa, ukafungwa, ukapona," ulisema, "na mimi nitashika." Nikakubali, kwa sababu wewe na mambo ya kukata na kufunga hukuwahi kukosea.

Halafu taya likakaza. Daktari akasema ni pepopunda, akasema tumechelewa. Hata kukugusa walinikataza, eti kila ukiguswa mwili unashtuka. Basi nikakaa kando ya kitanda, mikono yangu miwili nimeikalia. Macho yako yalikuwa wazi, Baba. Ulikuwa unasikia kila kitu. Ningeweza kukuambia, na bado sikusema.

Ulipotutoka, hospitali walitukabidhi nguo zako kwenye mfuko, kisu kikiwa ndani. Leo asubuhi nimekitoa, nikaenda kwenye gogo lako. Moja, kimeshika. Mbili, kimeshika. Hapo mkono ukakataa kuinuka. Nilikaa mpaka jua likafika juu ya paa, nikijiambia kwamba nikiacha hapo, bado inawezekana si mimi. Mama akapita na ndoo, akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia niko sawa. Kisha nikagonga la tatu.

Kimejikunja, Baba. Bila kelele yoyote.

Sijui nifanye nini. Naomba msamaha, lakini nani atanijibu? Ningekuwa nimevumilia kicheko cha mtu mmoja sokoni, mtu ambaye hata jina langu halijui, ungekuwa hapa unanigombeza kwa kuchelewesha miche ya watu. Nimelifikiria hilo kutwa nzima na halibadiliki.

Jioni, Mama akitoka shambani, nitamwambia. Hata akinifukuza. Kesho nitaanza kuunga miche ya watu kwa kisu chako cha zamani, maana ubovu wake naujua. Na kisu kingine chochote kitakachofika mkononi mwangu nitakigonga mara tatu, watu wacheke wasicheke. Hata nikiletewa na mtoto wangu mwenyewe, hata akinuna. Nitamwambia nampenda, kisha nitagonga.

Lala, Baba. Miembe nitaiangalia.

Mutheu wako, uliyemwita fundi kabla hajawa.